Nimchemshie majani mangapi? Sumu za mimea zinazoua seli za saratani

Mama mmoja, jirani yetu, alinijia jioni na mfuko wa rambo uliojaa majani ya mstafeli, mabichi, bado yanang'aa. Wiki ile binti yake alikuwa ameambiwa ana saratani ya titi. Kwenye simu ya mama kulikuwa na ujumbe ambao huenda na wewe umewahi kutumiwa: majani ya mstafeli yanaua seli za saratani kwa nguvu mara 10,000 kuliko kemotherapia. Hakuja kuniuliza kama ni kweli. Kwake hilo lilikwisha.

"Mwanangu, wewe ndiye unayeshinda na dawa," akasema. "Nimchemshie majani mangapi?"

Nimekaa nyuma ya dirisha la famasi miaka mingi, na sijui swali ninaloliheshimu kuliko hilo. Mangapi? Kwenye kiasi ndipo dawa na sumu zinapoachana, na kwa majani yale hakuna mtu yeyote duniani angeweza kumpa jibu. Nilimkaribisha kiti, nikamwambia, "Mama, tuanze na hiyo elfu kumi yenyewe."

Maana elfu kumi ile ina asili yake. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, walichapisha kazi kuhusu kemikali za kundi liitwalo asetojenini walizozitoa kwenye mstafeli. Moja kati yake, ilipojaribiwa kwenye aina moja ya seli za saratani ya utumbo mpana, ilionekana kuwa na nguvu mara 10,000 kuliko adriamisini, ile dawa nyekundu ya saratani inayotolewa kwa dripu. Tazama sasa yaliyodondoka njiani kabla ujumbe haujafika kwenye simu ya mama. Kemikali ile ilitoka kwenye mbegu, haikutoka kwenye majani. Ilikuwa imetengwa na kusafishwa ikabaki peke yake, haikuwa chai. Seli zilikuwa za utumbo mpana, si za titi. Na adriamisini si dawa ambayo madaktari huitumia kutibu saratani ya utumbo mpana, kwa hiyo kuishinda hapo ni sawa na kumshinda mbio mtu ambaye mbio si kazi yake. Juu ya yote, hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Yote yalifanyika ndani ya vyombo vya maabara.

Vyombo hivyo vikoje? Ni sahani ya plastiki inayoenea kiganjani, yenye visima vidogo 96. Ndani ya kila kisima kuna maji mekundu ya kulishia seli, na chini yake zimelala seli za saratani kwa maelfu. Mtafiti anadondoshea dondoo ya mmea, yaani kile kilichokamuliwa kutoka humo, kali kwenye mstari wa kwanza, hafifu zaidi kwenye unaofuata, na kuendelea hivyo hadi mwisho. Sahani inalala kwenye joto la nyuzi 37 kwa siku mbili tatu. Kisha anatia rangi ya njano. Seli iliyo hai huila rangi ile na kuigeuza zambarau. Iliyokufa huiacha njano kama ilivyo. Mashine inapima ukolezi wa zambarau katika kila kisima, na mwisho inatoka namba moja: kiasi cha dondoo kinachoangusha nusu ya seli. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali. Maabara nyingi huihesabu dondoo ghafi kuwa ya kuangaliwa ikifika hapo kwa mikrogramu 20 au 30 tu katika mililita moja.

Hicho ndicho magazeti huandika kwa herufi kubwa kuwa "mmea wagunduliwa kuua saratani". Ni kipimo halali na bila hicho tusingeanza popote. Lakini jiki ukiitia kwenye kisima kile itaua kila kilichomo. Spiriti itaua. Chumvi ikizidi itaua. Kuua seli ni jambo jepesi mno. Kwenye kisima hakuna ini la kuivunja kemikali kabla haijafika, hakuna tumbo la kuikataa, hakuna figo, hakuna uboho unaotengeneza damu, hakuna ubongo. Mtafiti makini hurudia jaribio lile lile kwa seli nzima zisizo na saratani, kuona kama nazo zinakufa. Ukisoma habari ya mmea wowote, tafuta sehemu hiyo kwanza. Mara nyingi haipo.

Turudi kwenye stafeli. Asetojenini huua kwa kuziba njia ndani ya mitokondria, yale majiko madogo ambamo seli hupikia nguvu zake. Seli ya saratani ina njaa ya nguvu, kwa hiyo ukizima jiko inakufa. Lakini mwilini kuna seli nyingine zenye njaa kubwa ya nguvu, nazo ni za ubongo. Mwaka 1999, katika jarida la Lancet, madaktari wa kisiwa cha Guadeloupe huko Karibi waliripoti kundi la wagonjwa wenye kukakamaa na kutetemeka kunakofanana na ugonjwa wa Parkinson, lakini dawa za kawaida za ugonjwa huo hazikuwasaidia. Wengi wao walikuwa watumiaji wa stafeli na chai ya majani ya jamii hiyo ya miti. Baadaye panya waliotiwa anonasini, asetojenini kuu ya mstafeli, kwenye mshipa walipata uharibifu wa ubongo. Habari ya Guadeloupe inaonyesha mambo mawili yakiandamana, haijathibitisha kwamba moja limezaa jingine. Mimi binafsi simkatazi mtu kula stafeli lililoiva msimu wake ukifika. Ninachokiogopa ni birika la majani kila asubuhi, miezi nenda miezi rudi, kwa mtu ambaye mwili wake tayari uko vitani.

Hapo mtu anaweza kudhani nadharau miti. Hasha. Dawa ninazozishika kwa heshima kubwa kazini zimetoka kwenye mimea, na mmoja wapo pengine uko mlangoni kwako. Ni lile ua dogo la petali tano, la waridi au jeupe, lenye majani yanayong'aa, linalostahimili jua na chumvi ya pwani. Wauza miche huliita vinka. Asili yake ni Madagaska, na leo limeenea kila nchi ya joto.

Mwaka 1952 daktari Clark Noble wa Toronto, Kanada, alipokea bahasha kutoka kwa mgonjwa wake aliyekuwa Jamaica. Ndani mlikuwa na majani 25 ya vinka. Huko Jamaica watu walikunywa chai yake kwa ajili ya kisukari. Noble akampelekea ndugu yake, Robert, aliyekuwa mtafiti katika Chuo Kikuu cha Western Ontario. Panya waliponyweshwa dondoo ile, sukari haikushuka na hakuna kilichotokea. Walipodungwa sindano ya dondoo ile ile, wakafa kwa maambukizi ya bakteria. Robert Noble na wenzake wangeweza kuitupa. Badala yake wakauliza kwa nini bakteria wamewashinda panya wale, wakakuta chembe nyeupe za damu, askari wa mwili, zimeshuka mno na uboho umenyong'onyea. Basi kitu kinachopunguza chembe nyeupe si kingefaa kwa leukemia, saratani ya damu ambapo chembe nyeupe zimezidi mipaka? Mkemia Charles Beer aliungana nao mwaka 1954, na mwaka 1958 wakaitangaza kemikali waliyoitoa humo, vinblastini. Wakati huo huo kampuni ya Eli Lilly ya Marekani ilikuwa ikichambua ua lile lile, na kutoka huko ikaja ndugu yake, vinkristini, iliyoruhusiwa kutumika Marekani mwaka 1963.

Siachi kuifikiria habari ya panya wale. Jani ni lile lile, mdomoni halifanyi lolote, na kwenye sindano linaua. Na kile kilichoua ndicho kilichokuja kuwa tiba.

Namna dawa hizi mbili zinavyofanya kazi ni hivi. Seli ikitaka kugawanyika hutandaza nyuzi nyembamba kutoka ncha moja hadi nyingine, na nyuzi hizo ndizo zinazovuta vinasaba, nusu huku na nusu kule. Nyuzi hujengwa kwa vipande vya protini iitwayo tubulini, vinavyounganishwa na kufunguliwa tena, kama jukwaa la mafundi linalofungwa leo na kufunguliwa kesho. Kemikali za vinka hushika vile vipande visiungane. Jukwaa halisimami, vinasaba havigawanyiki, seli inakwama katikati ya kazi na kufa. Taksoli, dawa nyingine ya saratani iliyotoka kwenye magome ya mti wa misitu ya magharibi mwa Marekani, inafanya kinyume: inalifunga jukwaa lisifunguke tena. Fundi asiye na jukwaa na fundi aliyenaswa ndani ya jukwaa, wote hawamalizi nyumba.

Seli za saratani hugawanyika bila kupumzika, ndiyo maana zinanaswa zaidi. Haziko peke yake, hata hivyo. Mizizi ya nywele inagawanyika kila siku, vivyo hivyo uboho na ngozi laini ya mdomo na utumbo. Nywele kudondoka, vidonda vya mdomo, homa za mara kwa mara: wagonjwa wengi huyachukua kama ishara kwamba hospitali "inawatia sumu". Ni kweli ni sumu. Nasema hivi waziwazi kwa sababu ukweli huo tukiuficha, mgonjwa atausikia kwa mwingine na hatatuamini tena. Ni sumu inayopimwa kwa milligramu, kwa ukubwa wa mwili wa mtu, na damu inaangaliwa kabla ya kila dozi.

Neva nazo hazigawanyiki, lakini ndani yake nyuzi zile zile za tubulini zimelazwa kama reli ya kusafirishia mizigo kutoka uti wa mgongo hadi vidoleni. Reli ndefu kuliko zote ni ile ya miguuni, ndiyo inayoumia kwanza. Ukiwa kwenye wodi ya watoto utaona daktari akimwambia mtoto anayepata vinkristini, "Haya, nitembelee kwa visigino." Mtoto akishindwa kuinua vidole vya mguu juu, kiasi kinafikiriwa upya. Hakuna mashine hapo, ni sakafu tu na miguu midogo.

Vinkristini na vinblastini zinatofautiana mahali pamoja tu kwenye molekuli nzima kubwa: hidrojeni mbili zimetoka, oksijeni moja imeingia. Kwa badiliko hilo dogo, vinblastini huelemea uboho na vinkristini huelemea neva, na kila moja ina magonjwa yake inayoyatibu. Anayesema "jani ni jani tu" anaruka jambo hili.

Hata mlango wa kuingilia una maana. Vinkristini huingizwa kwenye mshipa wa damu, na mara nyingi dozi haizidishwi milligramu 2. Ikiingizwa kimakosa kwenye maji ya uti wa mgongo, karibu kila mara mgonjwa hufa. Makosa hayo yametokea katika nchi mbalimbali, zikiwemo tajiri, kwa sababu baadhi ya wagonjwa wa leukemia hupata pia dawa nyingine kupitia mgongoni siku hiyo hiyo. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari: vinkristini iandaliwe kwenye mfuko mdogo wa dripu, isikae kwenye bomba la sindano, ili hata mtu aliyechoka asiweze kuichanganya na ya mgongoni. Dozi ni ile ile na mgonjwa ni yule yule, inchi chache tu zinatenganisha kupona na kufa.

Na kupona kupo. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji aliyekuwa Mulago, Kampala, aliueleza ulimwengu kuhusu uvimbe uliokuwa ukijaza mataya ya watoto wa Afrika Mashariki, ule ambao leo unaitwa kwa jina lake. Ni saratani inayokua kwa kasi ya kutisha, na kasi hiyo ndiyo inayoifanya inaswe na dawa. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa mwaka 1967 watoto hao wakiwa kiini cha kazi yake, na vinkristini ni sehemu ya tiba yao mpaka leo. Kwa leukemia kuu ya utotoni, katika nchi zenye huduma kamili, zaidi ya watoto 8 kati ya 10 wanapona. Vinkristini imo kwenye tiba hiyo pia, ikisaidiana na wenzake.

Kwa nini basi tusichemshe vinka za mlangoni? Ili kupata gramu 1 ya vinblastini kunahitajika takriban nusu tani ya majani makavu, na vinkristini ni adimu zaidi. Mmea wenyewe unaitengeneza kwa uchache. Malighafi mbili zinazoungana kufanya molekuli hii zinatunzwa mahali tofauti: moja imetanda kwenye nta juu ya jani, nyingine imefungiwa ndani ya seli za jani, kwa hiyo hukutana kwa nadra. Kwenye jani hilo hilo kuna kemikali nyingine za ukoo huo, ziitwazo alkaloidi, zaidi ya mia, na baadhi zinashusha shinikizo la damu. Anayekunywa chai ya vinka hapati tiba ya leukemia, anapata hizo nyingine, kwa kiasi asichokijua.

Kuna mti mmoja ambao habari yake inatuhusu zaidi, nasi hatuijui. Mapema miaka ya 1960 wakusanyaji wa mimea wa Marekani walichukua sampuli za mti wa jamii ya Maytenus huko Ethiopia. Mwaka 1972 mkemia Morris Kupchan na wenzake walitangaza kemikali waliyoitoa humo, maitansini. Inashika tubulini kama vinkristini, ila ukali wake kwenye seli ni wa mara mia na zaidi. Tatizo likawa uchache: mti wa Ethiopia ulitoa kama milligramu 0.2 kwa kilo. Ndugu yake wa Kenya, anayeota milima ya Shimba huko Kwale, alitoa karibu milligramu 1.5 kwa kilo. Basi mwaka 1976 zikavunwa zaidi ya tani 27 za mti ule kutoka Shimba na kupelekwa Marekani. Wadigo wa maeneo hayo walikuwa wakiujua mti huo kama dawa tangu zamani. Miaka michache baadaye, walioutafuta tena walikuta umebaki haba na unachipua polepole.

Maitansini ikajaribiwa kwa wagonjwa, na ikashindwa. Kuhara, kutapika na kuumia kwa neva vilikuja kabla uvimbe haujasinyaa. Sumu ilikuwa na nguvu kuliko uwezo wetu wa kuielekeza. Hapo ndipo ilipoishia hadithi ya dawa nyingi za mimea ambazo visima 96 vilizisifu.

Hii haikuishia hapo. Watafiti walikuja na wazo la kuifunga sumu hiyo kwenye kingamwili, protini inayotambua alama maalumu juu ya seli. Karibu saratani moja ya titi kati ya tano ina alama iitwayo HER2 kwa wingi usio wa kawaida. Kingamwili inaitafuta alama hiyo ikiwa imebeba molekuli tatu au nne za sumu ya ukoo wa maitansini. Inaigusa seli, inamezwa, na ndani ya seli inavunjwa na kuiachia sumu. Ikiwa njiani, sumu imefungwa. Dawa hiyo, trastuzumabu emtansini, iliruhusiwa Marekani mwaka 2013. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2018, kwa wanawake waliobakiwa na mabaki ya saratani ya HER2 baada ya tiba ya kwanza na upasuaji, ilipunguza kwa nusu hatari ya ugonjwa kurudi au kifo, ikilinganishwa na kingamwili isiyobeba sumu.

Malighafi yake siku hizi haitoki tena Shimba. Mwaka 1977 watafiti wa Japani waligundua bakteria anayetengeneza kemikali ya karibu sana na maitansini, na sasa anafugwa kwenye mapipa. Tafiti za baadaye zimeonyesha kwamba hata kwenye miti ya ukoo huo, bakteria wanaoishi ndani ya mizizi wana mkono katika kuitengeneza sumu hiyo. Mkataba wa Bioanuwai wa mwaka 1992 na Itifaki ya Nagoya ya 2010 inasema kwamba nchi na wenyeji wenye mmea na maarifa washirikishwe katika faida. Tani 27 zilikuwa zimeondoka zamani. Inaniuma kwamba dawa ambayo njia yake ilipita Kwale ni ghali kiasi cha kumkwepa mgonjwa wa kawaida wa Kwale.

Nilimweleza mama haya kwa ufupi, siyo yote. Akanyamaza, kisha akauliza jambo la busara: "Sasa nikimpa kidogo tu, pamoja na za hospitali?" Hapo ndipo wengi wanapokosea bila kujua. Vinkristini, kwa mfano, huvunjwa na kimeng'enya kimoja cha ini. Itrakonazoli, dawa ya fangasi, hukizuia kimeng'enya hicho, na dozi iliyokuwa sahihi inageuka kuwa kubwa mno. Mitishamba mingi nayo inaligusa ini, mingine ikichelewesha dawa kutoka, mingine ikiiharakisha hata isifanye kazi. Daktari anayejua anaweza kupanga. Asiyejua atadhani mwili wa mgonjwa umeshindwa, kumbe birika liko nyumbani.

Na kuacha hospitali kabisa? Watafiti wa Yale walifuatilia wagonjwa 281 wa Marekani wenye saratani ambayo haikuwa imesambaa, waliochagua tiba mbadala peke yake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018: hatari yao ya kufa ilikuwa mara 2.5 ya wenzao waliotibiwa hospitali, na kwa saratani ya titi ilizidi mara 5. Hao walikuwa watu ambao ugonjwa wao ulikuwa bado unashikika.

Sikumwambia atupe majani. Aliyachuma kwa mkono wake, kwa ajili ya mtoto wake. Nilimwomba aandike tu: majani ya mti gani, mangapi, mara ngapi kwa siku, tangu lini kama alishaanza. Hakuwa ameanza. Nikampa karatasi, akaandika mstari mmoja na kuikunja ndani ya mfuko, juu ya majani. Jumatatu niliwaona kituoni wakisubiri gari la kwenda kliniki, binti kajifunga mtandio, na mama kaushika mfuko ule ule wa rambo mapajani.